Buti Ambalo Dereva Hakuweza Kulifungua

Nasif, jirani yangu wa Mafubira hapa Jinja, ni mtu aliyechoka kuibiwa. Miaka sita amebeba mizigo ya wenye maduka wa Jinja kwenda Mbale katika gari lake kuukuu, na mara tatu buti lilivunjwa akiwa ameshuka kunywa chai tu. Mara ya nne wezi walimpokonya ufunguo wenyewe, mchana kweupe, watu wakitazama.

Basi akamwambia fundi achomelee vyuma viwili na kutia kufuli nene. Kisha akabuni utaratibu ambao mimi niliuona wa kichaa: ufunguo mmoja ukae Jinja kwa Nalini, mwenye mzigo, na wa pili Mbale kwa Shakul, mpokeaji. Dereva asiwe nao.

"Nisichokuwa nacho hawanipokonyi," alisema.

Mwaka mzima haikupotea hata pini, na watu wakaanza kumwita mwaminifu. Shida ni kwamba tairi la spea nalo lilikaa humo humo. Nilimwambia. Akasema nampigia kelele.

Ijumaa moja Nalini alikwisha kupakia katoni za sabuni na kufunga, ndipo Nasif akapata simu ya dada yake Jamirah kutoka Mbale. Mama yao amefariki, atazikwa baada ya sala ya Ijumaa. Nasif akaondoka mbio. Njiani, karibu na Tirinyi, tairi la nyuma likapasuka.

Nalini na ufunguo wake walikuwa mbali nyuma, Jinja. Alimpigia Shakul, yuko msikitini, simu imezimwa. Akaokota jiwe, akaligonga lile kufuli mpaka vidole vikatoka damu. Yule fundi alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Mwendesha bodaboda akasimama. "Mzee, ndani iko nini?"

"Sabuni ya watu."

"Sabuni tu? Wacha hapo. Panda, nakufikisha kwa mazishi."

Nasif alishika kiti cha pikipiki. Akalitazama buti. Akiliacha gari pale wezi watalivunja, vioo na buti, na jina lake litakwenda pamoja na sabuni. Akakiachia kile kiti.

"Nenda tu, bwana," akasema.

Shakul alipotoka msikitini aliwasha simu, akautuma ufunguo kwa bodaboda; ulimfikia Nasif saa kumi. Alipofika Mbale kaburi lilikwisha kufukiwa, watu wanatawanyika. Jamirah hakumgombeza.

"Tulikungoja, kaka," alisema. "Sheikh akasema maiti haicheleweshwi. Mtoto wa kiume ni wewe peke yako, wewe ndiye uliyekuwa wa kumshusha kaburini. Wameshuka majirani."

Kesho yake asubuhi, Nasif akiwa makaburini, Nalini akapiga simu. Sabuni imefika yote, alisema, hajapata kuona mtu mwaminifu kama yeye, na Jumatatu kuna mzigo mwingine. Nasif alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, madamu," akajibu. Kisha akaketi chini kando ya kaburi, akalia kwa mara ya kwanza.