Maji ya Fundi Bomba

Kila mtu katika nyumba ile alimwita Dada, hata binti wa mzee, ambaye walipishana miaka miwili tu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjukuu mmoja, na magoti yaliyoanza kulalamika kwenye ngazi. Lakini mwanamke anayeajiriwa kumwogesha mzee wa watu ataitwa Dada mpaka siku naye atakapoogeshwa. Jina hilo hakulichukia. Lililomchoma ni lile alilopewa na mzee mwenyewe, ambaye alimwita Askari.

Mzee alikuwa fundi bomba. Kwa miaka arobaini alichimba mitaro, akaunga mabomba, akafikisha maji kwenye nyumba zisizo na idadi za mtaa ule, mpaka watu wakalisahau jina lake wakabaki na Fundi. Kisha asubuhi moja, akiwa anavaa viatu, kiharusi kikamwangusha. Kikamwachia mkono mmoja, nusu ya uso, na koo lisilojua tena kazi yake. Akinywa kitu chepesi, kinakwenda njia ya hewa. Alikuwa ameshalazwa mara mbili kwa sababu ya maji kuingia mapafuni. Ndipo muuguzi aliyekuja kumtazama kila Alhamisi akaandika karatasi kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani juu ya kitanda: ASIPEWE MAJI MATUPU.

Kwa hiyo maji ya Fundi yalikorogwa na unga mweupe wa kwenye kopo, yakawa mazito kama uji wa mtoto mchanga. Dada alimwinua kwa mito mitatu, akamwinamisha kidevu, akamlisha kijiko kimoja, akalitazama koo lipande na kushuka, ndipo akachota kijiko cha pili. Glasi moja ilikula dakika arobaini.

"Hii nini?" Fundi aliuliza kila siku, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

"Maji, Mzee."

"Maji hayatafunwi, Askari. Mimi nimezeeka nayo, nayajua."

Dada alikuwa mtu wa sala. Kila alfajiri, kabla hajashika kitasa cha chumba kile, alisimama kidogo akamwomba Mungu subira ya siku hiyo tu, ya kesho angeiomba kesho. Na subira alipewa. Alimgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda, alimpaka mafuta mgongoni, alimbadilisha nepi huku akizungumzia mvua ili mzee asione haya, alimsafisha meno manne yaliyobaki. Hayo yote aliyaweza. Kilichomshinda ni ile kiu ya mzee. Yeye mwenyewe alikunywa maji nyuma ya mlango wa jikoni, amesimama kauelekea ukuta, akimeza polepole asisikike, kama mwizi.

Ijumaa moja Fundi alifunga mdomo, akakikataa kijiko. Wiki ile alikuwa amepungua sana, mashavu yameingia ndani, na muda mwingi alisinzia. Masikio tu ndiyo yaliyokuwa ya ujana.

"Koki ya jikoni inavuja," alisema.

"Kidogo tu, Mzee."

"Tangu juzi. Tone, nanyamaza. Tone, nanyamaza. Umeiacha makusudi unisimange?"

Dada alitaka kumwita fundi wa mtaani, na Fundi akamtazama kwa lile jicho moja zima kama aliyetukanwa. Akamwelekeza sanduku la vifaa liko chini ya kitanda. Basi milango ikaachwa wazi, Dada akasimama jikoni na spana mkononi, mzee akiwa kitandani, wakafanya kazi kwa kuitana.

"Umefunga maji ya nje kwanza?"

"Nimefunga."

"Umefunga kweli, au umefunga kike?"

"Mzee, nikirudi huko nitakuogesha na maji baridi."

"Afadhali, angalau yatanigusa. Haya, zungusha kichwa cha koki. Taratibu. Ndani kuna mpira mweusi. Umeuona?"

"Umeliwa upande mmoja."

"Kama mimi. Mpya umo kwenye kopo la bati, humo sandukuni."

Alipomaliza, nyumba ilitulia kabisa. Dada alirudi chumbani mikono imelowa, anatabasamu, maana hakuwahi kutengeneza kitu cha aina ile maishani. Fundi naye alikuwa anatabasamu kwa nusu yake.

"Sasa fundi hulipwa," alisema.

"Alipwe nini?"

"Glasi moja. Ya bombani. Isiyokorogwa na rangi ya ukuta."

Dada aliinua macho kwenye ile karatasi.

"Mzee wangu, yatakuua."

"Na usiponipa nitaishi mpaka lini?"

"Sikatai mimi. Karatasi ndiyo imekataa."

Fundi aligeuza uso ukutani. Tangu saa hiyo hakumwita tena Askari. Hakumwita chochote. Jumamosi alimeza vijiko vitano, Jumapili viwili, macho yakiwa yamefumbwa. Dada alimwambia, "Niite Askari, Mzee, sitakasirika." Jumatatu mchana kijiko kilirudi kama kilivyokwenda.

Jumanne asubuhi binti alipita kabla ya kwenda kazini, kama kawaida yake, mkoba begani.

"Hajameza kitu tangu jana," Dada alimwambia. "Hata yale mazito."

"Na maji ya kawaida je? Yale anayoyalilia?"

"Si yamekatazwa."

Binti alimtazama. "Muuguzi hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alinipigia Alhamisi, alipotoka hapa. Akasema mapafu yameshachoka, hakuna tena cha kulinda, baba apewe anachokitamani." Sauti yake ilishuka. "Alikuwa hapa na wewe, Dada. Nikajua mmeshaongea."

"Alimsikiliza kifua tu. Akasema ataongea na wewe."

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba bado uko begani. Dada alisimama akizihesabu siku kwa vidole, ndani ya mfuko wa aproni asionekane. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Kisha akaenda jikoni, akafungua ile koki, akajaza glasi, akafunga. Halikudondoka hata tone.

Walimwinua wawili. Dada alitia kijiko kimoja cha maji matupu katikati ya midomo. Maji yalikaa mdomoni muda kidogo, halafu yakatokea upande ule uliokufa, yakateremka shingoni hadi kwenye kola. Koo halikupanda. Akachukua pamba, akailowesha, akampaka ulimi na midomo, akailowesha tena.

"Ni ya bombani, Mzee," alimwambia sikioni. "Hayana kitu. Nimekulipa."

Kama alisikia, Mungu ndiye anayejua. Alikata roho Jumatano adhuhuri, pamba ikiwa bado mkononi mwa Dada.

Hawakugombana. Binti alisema, "Usijilaumu, Dada," na Dada akasema, "Na wewe pia," lakini walifua mashuka yale pamoja bila kutazamana. Karatasi ilipobanduliwa ilitoka na rangi, ikaacha ukutani alama nne nyeupe.

Siku hizi Dada yuko nyumba nyingine, anamtunza bibi mmoja aliyekuwa fundi cherehani, mwenye kisukari na mguu mmoja. Muuguzi wa huko ni msichana mwenye haraka, na kila akichukua mfuko wake aondoke, humkuta Dada amesimama mlangoni.

"Vitu alivyokatazwa bibi, bado amekatazwa?"

"Dada, si nilikuambia wiki iliyopita?"

"Niambie tena. Kimoja kimoja."

Na hasogei mpaka aambiwe. Bibi huyu maji hakukatazwa, jagi liko mezani kwake kutwa nzima. Hata hivyo Dada akishikwa na kiu huenda nyuma ya mlango wa jikoni, akauelekea ukuta, akameza polepole.