Pombe ya Dada Wanja

Juzi, sokoni Embu, niliona matunda ya muratina yaliyokaushwa ya kuchachushia pombe. Harufu ile ilinirudisha uani kwetu, alasiri wageni walipoleta pombe ya asali. Baba aliinua pembe iliyojaa, akamuuliza dada yangu Wanja mbele ya wazee, “Tuinywe?”

Dada aliinama, akanyamaza, nyuki wakivuma juu ya kibuyu. Nilidhani anawanyima wazee kinywaji tu. Nikapayuka, “Kunyweni, baba!”

Wakacheka, wakanywa.

Sikujua kwamba hivyo ndivyo msichana alivyoulizwa kama anakubali kuolewa. Wao walijua, wanafiki wale, na jibu la mtoto likawatosha. Mpaka leo Wanja hapokei hata chai kutoka mkononi mwangu.