Nilimwandika mama yangu "kelele" ili mashine ijifunze Kihunde

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni ya nyumbani kwangu, sijatia chumvi. Tuko Sake, tulikimbia vita kutoka milima ya Masisi.

Nilipata kazi kwenye mradi wa kufundisha mashine kuelewa Kihunde, lugha yetu. Unarekodi watu, unakata sauti vipande, kila kipande unakipa lebo: usemi, ukimya au kelele. Kelele ikizidi, faili inakataliwa na kufutwa.

Nikaanza na baba. Alisimulia kilima chetu: nani alilima wapi, nani kazikwa wapi. Dakika arobaini!

Sasa, kwetu mzee hasimulii peke yake. Lazima awepo wa kumwitikia "eee" kila anapopumua. Kwa baba alikuwa mama, miaka yote.

Kwenye lebo zao mwitikiaji hayupo. Nikamwomba msimamizi waongeze.

"Kaka, liste ya lebo inatoka kule juu. Sauti ya pili iko kelele, basi."

Mnajua nilifanya nini? Kila mama alipoitika, nikaandika kelele. Kelele, kelele, kelele. Mtu mzima na akili zangu! Niliogopa kufukuzwa. Faili ikafutwa.

Nikamrekodi baba upya, mama nikamwambia anyamaze. Baba akasema, "Kilima chetu kinaanzia kwenye mto," kisha akasubiri. Akasubiri weee. Nikazima.

"Juu ya nini umemunyamazisha mama yako?" akaniuliza. "Mimi siongeaki na telefone." Akainuka, akatoka nje.

Hiyo ndiyo ikapita. Safi kabisa, walinisifu.

Baba amefariki. Ile ndefu nimeiomba mpaka wamechoka na mimi, haipo. Nimebaki na nakala ya ile safi.

Juzi mama akataka kuisikia. Baba akasema sentensi yake, akasubiri. Mama akaitika, "Eee." Akainama karibu na simu, anangoja aendelee.

Nina uchungu, wakuu. Waliopanga zile lebo hawajawahi kukaa na wazee wetu. Mimi nimekaa nao tangu nizaliwe, na bado nilitii.

Funzo langu: orodha ikikosa nafasi ya mama yako, usiijaze. Acha kazi.

Mliofanya kazi hizi, tuambieni yenu, hata matusi nitapokea. Nitawajibu baadaye kidogo, mama anaitaka tena simu.