Uvimbe Walioupigia Vigelegele

Siku moja siisahau, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyojua kwamba elimu ya mtu haivuki kizingiti cha ukweni. Nilikuwa kijana bado, nimerudi Tabora na stashahada yangu ya ufundi wa pampu za maji. Niliondoka hapa kwa treni, daraja la tatu, bila mtu wa kunipokea Dar es Salaam. Nikabeba mizigo mchana, nikasoma jioni. Nayasema bila aibu, maana aliyejijenga mwenyewe hana sababu ya kunong'ona.

Dada yangu wa pekee, Zuhura, alikuwa ameolewa mtaa wa Kanyenye, hapa hapa mjini, na Saidi, muuza vitenge. Alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa fahari ya nyumba ile. Mama mkwe wake, Bi Nuru, alipenda kumtanguliza harusini ili watu waone mkwe anavyotunzwa. Lakini akipanda ngazi za baraza, Zuhura alilazimika kusimama katikati ili aheme. Mimi na Saidi tukampeleka hospitali. Daktari akatueleza kwamba shinikizo la damu na uzito wa miaka mingi vimeuchosha moyo, sasa hausukumi damu inavyotakiwa. Akampa dawa. Akamwambia apunguze chumvi, apunguze mwili polepole, atembee kadiri ya pumzi yake, na ajipime uzito kila asubuhi. Mizani nikamnunulia mimi.

Zuhura akatii. Kila asubuhi alitembea njia ya Kwihara, ile waliyopita wapagazi wa misafara, akarudi na jasho na kicheko. Baada ya miezi mwili ukapungua, akawa anapanda ngazi huku anaongea. Ndipo maneno yakaanza. Wateja wakamuuliza Saidi kama duka limefilisika. Wengine wakaulizia ule ugonjwa unaokondesha, bila kuutaja jina.

Bi Nuru akaita kikao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaanza.

"Baba, dada yako tulimpokea akiwa na mwili wake. Unataka tukurudishie mifupa?"

"Mama, moyo ni pampu. Pampu iliyochoka, ukiiongezea mzigo..."

"Stashahada yako ni ya visima," akanikata. "Mkwe wangu si kisima. Wala si robota la tumbaku, mpaka apimwe kila kukicha."

Sebule nzima ikacheka. Nilimtazama Saidi. Mwanamume mzima, aliyemsikia daktari kwa masikio yake, alikuwa anachezea ukingo wa kofia.

"Mama akishasema, shemeji..." akanong'ona.

Zuhura akanigusa mkono. "Kaka, yaishe. Wewe utarudi kazini kwako. Mimi ndiye ninayebaki humu."

Matembezi yakakoma. Ugali ukaongezwa, na mchuzi wenye chumvi ya kutosha. Dawa akawa anameza siku anazokumbuka.

Nikaenda Nzega kuchimba visima. Niliporudi, Bi Nuru alinipokea mlangoni kwa kigelegele. "Njoo umwone sasa. Mwili wake umerudi, hata viatu havimwingii."

Nilimkuta Zuhura ameegemea mito, kwa kuwa akilala chali anakosa pumzi. Miguu iling'aa kama imepakwa mafuta. Nikabonyeza ugoko wake kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Umekuwa hivi tangu lini?"

"Wiki hii tu," akasema, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Wananisifu, Kaka."

Hayakuwa mafuta, mwanangu, yalikuwa maji. Moyo ukishindwa kusukuma, maji hubaki mwilini yakatafuta pa kukaa. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Madaktari walijitahidi, lakini tulikuwa tumechelewa. Hakutoka akiwa hai.

Msibani niliwasikia wanawake wakimfariji Bi Nuru: "Mshukuru Mungu, ameondoka na mwili wake. Hakuna atakayesema hamkumlisha." Naye akaitikia kwa kichwa, akafarijika. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Uongo. Sikio la Zuhura lilisikia. Yasiyosikia yalikuwa ya wengine, na wenyewe waliishi miaka mingi baadaye, wakila vizuri.

Wanasema pia yaliyopita si ndwele. Kwangu mimi ni ndwele, na chakula cha nyumba ile hakijapita tena kooni mwangu. Lakini yajayo ni yako, basi nisikilize. Unene si cheti cha kutunzwa. Uzito uliozidi hupandisha shinikizo, hukaribisha kisukari, na moyo ndio unaobeba yote hayo usiku na mchana. Punguza polepole, kwa ushauri wa daktari, wala usijinyime chakula kama mfungwa. Ukiambiwa moyo wako umechoka, jipime kila asubuhi kabla ya kula. Uzito ukipanda ghafla kwa siku chache, miguu ikavimba, pumzi ikakatika, usingoje pongezi za jirani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukikonda bila kukusudia, hilo nalo mwambie daktari. Dawa usiiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Na kwa kuwa sasa unaoa, mheshimu mama yako, lakini heshima haikudai unyamaze mkeo akizikwa angali hai.

Mungu akupe moyo wenye nguvu na ukweni wenye masikio. Na siku utakayokaa wewe kwenye kiti cha mkwe, kama nilivyokaa mimi kwenye kikao kile, akupe ulimi wa kusema wakati kusema kungali kunafaa.