Dada aligawa mashine ya marehemu mke wangu, sasa anataka nimwombe radhi

Admin, jina langu liache, na mtaa usiutaje, ukisema Ilemela inatosha. Mimi ni baba wa miaka arobaini na tisa, mtunza stoo, nina binti mmoja wa miaka kumi na moja. Mke wangu alifariki mwaka jana kwa ugonjwa. Mimi si mtu wa kelele. Kazini hunitania kwamba nikitaka kugombana na mtu lazima nimwombe ruhusa kwanza. Lakini hasira niliyonayo mwezi huu sijawahi kuwa nayo, na ninayo juu ya dada yangu wa tumbo moja.

Binti yetu ana pumu. Daktari alitukataza kufagia ndani kwa ufagio, maana vumbi linaruka juu na yeye analivuta. Najua kuna watakaoandika ondoa zulia. Tuliliondoa zamani. Vumbi la kwetu linatoka barabarani, linakaa kwenye makochi, mapazia na magodoro. Ndipo tukaenda mjini kununua mashine ya kufyonza vumbi.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na kwake mashine isiyofunguka haikuwa mali. Dukani akamwambia muuzaji, "Niletee bisibisi." Muuzaji akacheka. "Mama, unanunua au unafanya upasuaji?" Akamjibu, "Nikishafika nayo nyumbani wewe hutakuwepo." Alizijaribu tatu. Mbili zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, akazirudisha. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, ya bati, nzito, lakini ilikuwa na skrubu, mfuko wa kitambaa unaofuliwa, na kaboni za mota, vile vipande vinavyolika na kubadilishwa, ambazo mafundi wa hapa wanazo. Mimi nilitaka ile nyekundu mpya. Nilinuna njia nzima huku nimeibeba yake.

Ilitutumikia miaka saba. Alibadilisha waya mwenyewe, akabadilisha kaboni mara mbili, na mpira wa kuvutia vumbi ulipopasuka aliuzungushia kipande cha koti la mvua akakishona. Kila Jumamosi alifua ule mfuko na kuuanika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akiukandamiza kwa kokoto nne usipeperushwe na upepo wa ziwani. Miaka ile binti alimaliza muhula mzima bila kukosa shule.

Siku ya arobaini ndugu walikaa kugawa vitu vya marehemu, na dada yangu mkubwa ndiye aliyesimamia. Mashine ilikuwa imekaa kwenye kona ya cherehani, pamoja na bisibisi na kopo la spea, basi wakaihesabu kuwa kifaa cha ufundi wa marehemu. Dada akampa binti yake aliyeolewa Sengerema. Aliniuliza, "Mdogo wangu, kuna neno?" Nikasema hakuna. Siku ile hata wangegawa mlango ningesema hakuna.

Wiki iliyofuata dada akaniletea mpya, nyekundu, inang'aa. Nilimshukuru kwa moyo. Haikumaliza miezi miwili, ikazima. Fundi aliigeuza huku na huku akaniambia, "Mzee, hii haina pa kuingilia. Imetengenezwa itupwe." Nimezunguka maduka na bisibisi mfukoni kama alivyofanya mke wangu. Zote ni gundi, na ile moja niliyoikuta inafunguka, spea zake hakuna anayezijua. Nafuta kwa kitambaa kibichi kila siku, lakini godoro huwezi kulifuta. Muhula huu binti amelazwa mara mbili. Asubuhi namkuta ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi. Akiona namtazama anajitahidi kutabasamu. "Nitavumilia, baba."

Nikaenda kwa dada, Buhongwa, kuomba ile ya zamani irudi, na hii nyekundu wafanye wanavyotaka. Nilimkuta ana wageni, akina mama wa jumuiya. Nilimweleza taratibu. Akawageukia wenzake.

"Mnamsikia? Mwanaume mzima amepanda gari kuja kudai ufagio wa marehemu."

Wakacheka. Akaongeza, "Oa basi, baba, upate wa kukufagilia."

Hapo nikapaza sauti. Nilimwambia amegawa pumzi ya mwanangu na hana hata haya. Nikatoka bila kuaga.

Juzi yule mpwa wangu wa Sengerema amenipigia. "Shikamoo mjomba. Ile mashine hata siitumii, iko stoo chini ya magunia. Lakini mama amesema nikikupa kabla hujamwomba radhi mbele ya ndugu na kukiri kwamba ulidai kisicho chako, nisimwite mama tena. Mjomba, mwombe tu yaishe."

Chini ya magunia. Mwanangu anatafuta pumzi asubuhi, na kitu alichokichagua mama yake kwa ajili yake kipo chini ya magunia ya mtu asiyekihitaji.

Ndugu wanakutana Jumapili hii. Dada huyu alinilipia ada baba alipofariki, na msibani alilala chini pamoja nasi siku zote. Sijasahau. Kama ni kupaza sauti mbele ya wageni wake, kwa hilo ningemwomba radhi leo hii. Lakini anataka niseme mbele ya wote kwamba nilidai kisicho changu, na binti yangu atakuwa amekaa pale anasikia. Nikikataa, atakayelipa ni binti, si mimi wala shangazi yake. Tangu jana najaribu kuyatamka maneno hayo nikiwa peke yangu chumbani, na kila mara naishia katikati. Nyie wenye watoto, mngeyasema? Nishaurini, nifanye nini kabla ya Jumapili?