Asiransi ya Kwenda Kigoma

Mwaka mmoja wa vita, shule zilipofungwa kwa vakansi, mume wangu alisema twende Kigoma kwa dada yake, tupumzike kidogo. Yeye alikuwa fundi wa magari Buyenzi, mimi nikifundisha shule ya msingi Nyakabiga. Watoto wetu wawili, msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, walikuwa hawajawahi kulala nje ya Bujumbura. Ila njia ilikuwa ile ya kusini, kandokando ya ziwa, na kila mtu mjini alikuwa na jamaa aliyewahi kuviziwa huko.

Ndiyo maana tulikwenda kwanza kuuliza asiransi, bima ya safari.

"Nikifa, sitaki uhangaike," mume wangu aliniambia tukiwa njiani, kwa sauti ile ile aliyozungumzia breki.

Karani alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi. Alitusomea masharti kwa Kifaransa, kisha akatueleza kwa Kiswahili: ugonjwa, ajali, mizigo kupotea, maiti kurudishwa nyumbani.

"Na risasi?" mume wangu akauliza.

"Apana, muzee. Vita haimo."

"Wanyang'anyi?"

"Wanyang'anyi wamo."

"Sasa mutu akitoka mu migomba na bunduki, nani atajua kama ni munyang'anyi ao ni mwasi?"

Karani hakucheka. Alinitazama mimi. "Mama ndiye ataleta ushahidi."

Nilijiona niko edani, siruhusiwi hata kutoka nje, natakiwa nitafute mtu wa kuthibitisha ni bunduki ya nani iliyomuua mume wangu.

Yeye alikwisha kushika kalamu. Penye nafasi ya mrithi aliandika jina langu. Karani akainama, akauliza polepole, "Na mama, atakuwa mu gari ile ile?"

"Ndiyo."

"Na watoto?"

Kalamu ikasimama.

Tulitoka bila kutia saini. Karibu na nyumbani akasema, "Tusipande gari moja." Nilikuwa nawaza hilo hilo, na nilimchukia kwa kulitamka.

Tulikubaliana yeye aondoke Alhamisi na msichana, mimi nifuate Jumamosi na mdogo. Likitokea la kutokea, abaki mzazi mmoja na mtoto mmoja. Watoto tuliwaambia viti vimekuwa vichache.

Alhamisi asubuhi, kituoni, binti yangu alichungulia dirishani. "Mama, viti viko! Viko vingi!"

"Vina wenyewe," nikamwambia.

Gari liliondoka kuelekea Kanyosha, kwenda kujiunga na mengine yaliyosubiri kusindikizwa na wanajeshi.

Saa tisa alasiri, sokoni, muuza samaki mmoja akasema gari limechomwa mbele ya Rumonge. Gari gani? Hakujua. Nilimbeba mdogo mgongoni, ingawa alikuwa mzito, nikaenda kwenye duka la simu ambako mume wangu angepiga. Mwenye duka, mwanamke wa Bukavu, alinipa kigoda bila kuniuliza neno. Kila simu ilipolia alipokea, akanitazama, akatikisa kichwa. Wakati wa kufunga akasema, "Dada, nenda nyumbani. Ikilia, nitakuja mi mwenyewe."

Alikuja kesho yake kabla ya adhuhuri, anakimbia, kandambili mkononi. "Wamefika! Wote wawili!" Lililochomwa lilikuwa lori lililowatangulia. Wao walilala msikitini Nyanza-Lac, asubuhi wakavuka mpaka.

Jumamosi nikasafiri. Wenzangu waliniona mwendawazimu, lakini nusu ya nyumba yangu ilikuwa ng'ambo. Tulipopita lile lori, lilikuwa bado linanuka. Nilimfunika mdogo macho kwa kitenge, akadhani ni mchezo, akacheka.

Kigoma alitupokea mume wangu peke yake. Binti yetu nilimkuta nyuma ya nyumba ya shangazi yake, anaosha vyombo vilivyokwisha kuwa safi. Nikachuchumaa kando yake.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "mulituchagua namna gani?"

Nilitaka kurudia ule uongo wa viti, nikashindwa. Nikamwambia kwamba tuliogopa, na kwamba mdogo wake hakubali kulala bila mimi, hakuna sababu nyingine. Akaendelea kusugua sahani.

"Mi pia sikulala," akasema.

Tulikaa siku kumi na mbili. Tulioga ziwani, tukala samaki wa migebuka, mdogo akanenepa. Siku ya kurudi ilipokaribia, mume wangu alianza kupanga nani atangulie na nani. Binti yetu alisikia, akaenda akaketi juu ya mizigo yote, akakataa kuinuka hata kwa chakula.

Tulipanda gari moja, wote wanne. Tangu mpakani sikuuachia mkono wa binti yangu hadi tulipoingia mjini.