Kibuyu cha Bibi na Moshi wa Mwarobaini

Ukitaka kunirudisha Mbalibali bila nauli, msomaji wangu, nichomee kijiti cha mzeituni pori karibu na pua. Ndivyo bibi yangu alivyofukiza kibuyu chake cha maziwa: anakisugua ndani kwa kijiti kinachofuka, na maziwa yakilala humo yanaamka na utamu wa kumfanya simba wa Ikoma aje kuomba kikombe.

Kukitikisa mpaka siagi itoke ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye ngozi ya ng'ombe, bibi akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wangu, akiimba chinichini. Kisha akaletwa Robi, binti wa baba mkubwa wa Sirari, akae nasi kidogo. Haikupita wiki akamwomba bibi kibuyu, akapewa. Na mgongo akapewa.

Nikamwambia hicho ni changu.

"Kwani ni kibuyu yako?" akanijibu bila kuacha kutikisa. "Onyesha jina."

Jamani, nilivimba hadi mlango wa jikoni ukanibana. Siku nzima sikula, yaani nilikula, lakini kwa hasira. Nikasikia baba mkubwa anakuja Jumapili. Basi Ijumaa, kabla Robi hajamimina maziwa, nilichoma kijiti cha mwarobaini nikasugua kibuyu chote hadi shingoni, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo namna ile.

Jumapili Robi alipiga goti, akampa baba yake kikombe kwa mikono miwili. Baba mkubwa akapiga funda moja, akalitema hadi kwa kuku, na kuku wakakimbia. Akauliza nani katengeneza sumu ile.

"Ni mimi, baba," Robi akajibu.

Baba yake akasema mtoto asiyejua kutunza kibuyu abaki hapahapa mpaka ajue. Akawasha pikipiki, akaenda zake. Mimi nyuma ya ghala nilicheka mpaka mbuzi wakaacha kutafuna. Kisasi kilikuwa kitamu kuliko siagi, siwafichi.

Jioni bibi alinusa kibuyu mara moja tu. Hakunichapa. Alikaa kwenye ngozi, akaniita, akaniegemea.

"Boke, ulikuwa unataka kibuyu, au ulikuwa unanitaka mimi?"

Nililia machozi ya kunywesha zizi zima. Tangu hapo, nikigombana na mume wangu kuhusu chumvi, hujiuliza kwanza ni mgongo gani nimeukosa.

Lakini lingine nililijua ukubwani, tukiosha masufuria kwenye harusi, Robi aliponisimulia akicheka kidogo. Kibuyu alikiomba kwa sababu ya Jumapili ile. Alitaka baba yake anywe, aone binti yake amekuwa wa kufaa, ampakie kwenye pikipiki warudi nyumbani. Alikuwa amekwishafunga nguo zake kwenye kanga.

Alikaa Mbalibali miaka minne. Mimi bibi aliniuliza nilichokuwa nataka. Robi hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nacheka.